Ngazi ya Lubaga na Pango la Kyala

Msomaji wa Unguja hahitaji kufundishwa kwamba dini yaweza kuwa na ngazi. Mabohora wa Mji Mkongwe humfuata Dai, na chini yake wapo Maadhuni na Mukasiri. Nyuma ya vyeo hivyo ipo falsafa ya Kiismailia ya zama za Fatimiya, aliyoipanga Hamid al-Din al-Kirmani mwanzoni mwa karne ya 11: akili kumi za mbinguni, na kila daraja ya dini duniani ikilingana na mojawapo. Elimu hushuka kutoka juu. Na Mwenyezi Mungu yuko nje ya ngazi yote, hasifiki wala hahesabiki.

Kwa mazoea hayo ndipo baadhi yetu tunapokisoma kombo kitabu cha Monica Wilson juu ya Wanyakyusa, Communal Rituals of the Nyakyusa (1959). Twamweka Kyala kileleni, Lwembe chini yake, kisha machifu, kisha watu, nasi twaridhika.

Kitabu chenyewe hakisemi hivyo. Kyala alikuwa na mahali pake: pango kando ya Ziwa Nyasa, upande wa Ikombe, kwa Wakisi wafinyanzi. Alikuwa shujaa miongoni mwa mashujaa, kama Lwembe wa Lubaga kule Rungwe na Kyungu wa Ngonde ng'ambo ya mto Songwe. Wamisionari walifika 1891, na jina hilo hatimaye likawa la Muumba. Mwenye pango akapandishwa mbinguni. Wenzake wakabaki mizimu.

Na hao wakuu wa duniani, je? Wazee walimsimulia Wilson kwamba Lwembe akiugua huzibwa pumzi, na kabla hajafa hung'olewa kucha na nywele, zikazikwa matopeni ili mvua na chakula visitoweke. Cheo gani hicho, ambacho mwenyewe ni mateka wa raia wake! Chifu naye huwekewa wakuu wa vijiji, amafumu, watu wasio wa ukoo wake. Akikosa, manung'uniko yao, ambayo Wanyakyusa huyaita pumzi ya watu, humtia baridi mwilini na maradhi. Kwa al-Kirmani neema hushuka. Hapa hukumu hupanda.

Langu la kulaumu ni utulivu wa kitabu. Wilson na mumewe Godfrey walikusanya habari hizi kati ya 1934 na 1938, misheni ikiwa imekwisha kukaa miaka zaidi ya 40, lakini ibada zasimuliwa kana kwamba hazikupata kuguswa na siasa. Marcia Wright alilipinga hilo mwaka 1972, akiirudisha Lubaga katika migogoro ya karne ya 19. Hata hivyo Wilson aliyaacha maneno ya makuhani yalivyo, marefu na yenye kupingana, na ni humo msomaji anamkuta Kyala akiwa bado pangoni.