Baiskeli ya Ihanda: kipi uagize kwa simu, kipi ununue Tunduma

Baiskeli mpya inayong'aa dukani, yenye springi mbele na nyuma, breki za diski na gia 21, kwa bei ambayo mwalimu wa shule ya msingi anaweza kujipinda akailipa, ni baiskeli ya kuikimbia. Fedha iliyonunua springi imekatwa kwenye gololi, kwenye spoku na kwenye ringi. Foko ya springi ya bei hiyo ni koili ya chuma na vipande vya plastiki. Tope jekundu la Mbozi likishaingia msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili, foko inaacha kunesa na kinachobaki ni uzito. Mwenye baiskeli anaupandisha mlimani kila siku bila faida.

Ndiyo maana watu wameanza kufikiria njia nyingine: kuchukua fremu ya mtumba, kuagiza vifaa vichache kutoka China kwa simu, na kumalizia kwa spea za hapa hapa. Inawezekana, na gharama yake haitishi. Kinachowaangusha wengi ni vipimo. Mtu anaagiza kwa kutazama picha, mzigo unafika, fundi anajaribu kufunga, na hakuna kinachoingia mahali pake.

Nachukua Ihanda kama mfano kwa sababu kata hii ya Wilaya ya Mbozi inaidai baiskeli kazi mbili tofauti. Iko kwenye barabara kuu ya TANZAM, kati ya Vwawa, makao makuu ya mkoa wa Songwe, na Tunduma mpakani. Anayetoka hapo kwenda kazini anapita kwenye lami, ubavuni mwa malori ya Zambia na Kongo. Akiiacha lami kuelekea mashamba ya kahawa na mahindi, anakutana na udongo, makorongo ya maji na miinuko mifupi mifupi inayofuatana.

Tuanze na gurudumu, maana ndipo fedha nyingi hupotelea. Baiskeli kubwa za kizamani tulizozizoea, Phoenix ya Shanghai, Hero na Avon za Ludhiana kule India, zote zimefuata umbo na vipimo vya Kiingereza vilivyoenezwa na viwanda kama Raleigh cha Nottingham. Tairi la baiskeli hizo huandikwa 28 x 1½, na kipenyo cha pale tairi linapokalia ringi ni milimita 635. Sasa fungua simu utafute tairi la inchi 28. Utaletewa la milimita 622, kwa sababu kwa nchi za Ulaya bara "28" ndiyo hiyo 622, na ndiyo hiyo hiyo inayouzwa kwa jina la "29" kwenye baiskeli za milimani. Tofauti ya milimita 13 inatosha kulifanya tairi lisikalie ringi kamwe. Inchi 26 nayo ina mtego wake: 26 x 1 3/8 ni milimita 590, na 26 x 1.95 ni milimita 559. Inchi zilizochapwa kwenye tangazo zisikudanganye. Tazama ubavuni mwa tairi ulilonalo. Kuna namba mbili zenye kistari katikati, kwa mfano 50-559. Ya kwanza ni unene, ya pili ni kipenyo, na hiyo ya pili ndiyo ya kuagizia.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema fremu ya Phoenix ndiyo msingi bora kwa sababu haivunjiki. Ni kweli haivunjiki. Lakini ringi yake ni ya 635, breki zake ni za fimbo zinazobana ringi kwa ndani, na krenki imeshikwa kwa pini ya kugongelea. Karibu kila kifaa cha kisasa utakachokiona mtandaoni kitakudai ubadilishe na kingine, na baada ya mwezi utakuwa umenunua baiskeli nzima ukaifunga kwenye fremu isiyoitaka. Phoenix iache ilivyo. Isafishe, ipake grisi, iendelee kubeba magunia.

Msingi unaofaa ni fremu ya chuma ya baiskeli ya milimani ya inchi 26, isiyo na springi popote, ya zile zilizotengenezwa miaka ya 1990 ambazo huingia nchini kama mtumba. Ina vinundu vya kufungia breki vilivyochomelewa kwenye foko na nyuma. Bomba la krenki kwa kawaida lina upana wa milimita 68 au 73 na nyuzi 24 kwa inchi, kipimo ambacho viwanda vya China bado vinakitengenezea vifaa kwa wingi. Nasema "kwa kawaida" makusudi. Raleigh za zamani zilikuwa na hesabu yake ya nyuzi 26, kwa hiyo mwambie fundi afungue kikombe kimoja na kuhesabu kabla hujalipa popote. Akumbuke pia kwamba kikombe cha upande wa cheni hufunguka kwa kuzungusha kinyume na mazoea. Fremu nyingi zimeharibiwa nyuzi kwa kusahau hilo tu.

Kabla ya kununua fremu hiyo, ipime kwa uzi. Funga uzi kwenye ncha moja ya nyuma inapokaa ekseli, upitishe mbele kuzunguka bomba la usukani, urudishe hadi ncha ya pili. Kisha pima umbali kati ya uzi na bomba la kiti, kulia na kushoto. Vipimo vikilingana, fremu imenyooka. Vikipishana kwa milimita nyingi, imewahi kugongwa. Mwachie muuzaji mali yake. Na beba sumaku, kwa sababu chuma fundi wa kuchomelea wa Vwawa atakiunga kikipasuka, alumini hataiweza kwa mashine yake ya kawaida.

Gia ndiyo sehemu inayonifurahisha, kwa sababu hesabu yake ni rahisi na inaeleza jambo ambalo kila mtu analiona kila siku: kwa nini watu hushuka na kusukuma baiskeli kwenye kilima ambacho si kikali. Chukua baiskeli kubwa yenye meno 44 mbele na 18 nyuma. Mzunguko wa tairi lake ni kama mita 2.25, hivyo kila krenki inapozunguka mara moja, baiskeli inasogea mita 5.5. Kwenye mwinuko, mtu wa kawaida anakwenda kama kilomita 8 kwa saa, yaani mita 133 kwa dakika. Maana yake anazungusha krenki mara 24 tu kwa dakika, kila mkanyago ukiwa wa kusimama na kuning'inia kwenye pedeli. Goti halitaki hivyo. Linataka mizunguko 50 au 60 myepesi kuliko 24 mizito.

Sasa weka gurudumu la 26 x 1.95, lenye mzunguko wa mita 2.07, meno 42 mbele, na nyuma friwili ya gia saba yenye meno 14 hadi 34. Kwenye gia ya meno 34, krenki ikizunguka mara moja unasogea mita 2.56. Kwa mwendo ule ule wa kilomita 8 kwa saa unazungusha mara 52 kwa dakika, umekaa kwenye kiti, unapumua vizuri. Ukifika lami tambarare unahamia meno 14, na kila mzunguko unakupa mita 6.2, zaidi ya Phoenix. Kihamisha cheni cha Shimano cha daraja la chini kabisa, Tourney, kinatosha kwa kazi hiyo, ila hakikisha tangazo limetaja kwamba kinafika meno 34. Mbele weka gurudumu moja tu la meno. Seti ya matatu mbele inaongeza waya, kihamisha cha pili na usumbufu, na gia nyingi zinajirudia.

Kuna kasoro moja katika mpango huu, na wauzaji hawaitaji. Friwili ya gia saba hufungwa kwa nyuzi nje ya habu, na upana wake unaisukuma gololi ya upande wa kulia ikae mbali na ncha ya ekseli. Kipande cha ekseli kinachobaki kinaning'inia bila kuegemea kitu, na ukipakia mzigo mzito kwenye keria kinapinda, halafu kinakatika. Habu ya kaseti iliondoa tatizo hilo kwa kusogeza gololi hadi karibu na ncha. Kwa hiyo jibu linategemea unabeba nini. Ukijibeba mwenyewe na begi, friwili ya kufunga kwa nyuzi itadumu. Ukiwa mtu wa kupakia abiria au gunia, agiza habu ya kaseti, au baki na gia moja yenye meno 20 au 22 nyuma, ambayo ni nyembamba na haichoshi ekseli.

Hili la gia moja si ushamba. Upande wa pili wa mpaka, Zambia, kuna baiskeli ya Buffalo ya shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa 2005 na F.K. Day na Leah Missbach Day baada ya tsunami ya Bahari ya Hindi. F.K. Day ni mmoja wa waanzilishi wa SRAM ya Chicago, kampuni inayotengeneza gia za baiskeli za mashindano, na bado Buffalo yake ilitoka na gia moja, breki ya kukanyagia nyuma, na keria ya kubeba kilo 100. Uzito wake ni zaidi ya kilo 20 na hakuna aliyeomba radhi kwa hilo. Baadaye walipoona vilima vinawashinda waendeshaji, hawakukimbilia waya na vihamisha. Walitoa toleo lenye cheni mbili na friwili mbili, na mwendeshaji anabadili gia kwa kurudisha pedeli nyuma kidogo. Fundisho la kiufundi lipo wazi: walichagua kwanza kitakachotengenezeka kijijini, ndipo wakatafuta wepesi.

Ukilifuata wazo hilo, orodha ya kuagiza inakuwa fupi. Vinavyoisha haraka vinunue Tunduma au Vwawa: tairi la 559, tyubu, spoku, nyaya, raba za breki. Vya kuagiza ni vile vinavyodumu na visivyopatikana kwa ubora jirani: ekseli ya krenki iliyofungwa, ambayo gololi zake hazioni tope, krenki ya meno 42, habu, mikono ya breki, kihamisha cheni. Ekseli hiyo ya krenki inapatikana kwa chini ya dola 10, na kwa maoni yangu hakuna dola 10 zinazofanya kazi zaidi kwenye baiskeli nzima.

Ringi usiziagize. Mizigo ya ndege hutozwa kwa kilo au kwa nafasi inayochukua, kimoja kati ya hivyo kinachozidi, na ringi ni duara kubwa lililojaa hewa. Zitafute hapa nchini, za alumini, na hesabu matundu kabla ya kuagiza habu: 36 kwa 36, au 32 kwa 32. Alumini si urembo. Ringi ya chuma yenye kromu ikilowa, raba inateleza juu yake, na kwenye mteremko wenye lori nyuma yako hutaki kugundua hilo. Breki za V zikibana ringi ya alumini zinasimamisha hata kwenye mvua, mradi mikono yake iwe ya aina ya V. Mikono ya breki za zamani huvuta waya mfupi mno, hivyo breki inagusa bila kubana.

Malipo hayasumbui tena. Huduma za pesa kwa simu zinatoa kadi ya mtandaoni ya kulipia nje. Njia nafuu ni kutuma vitu vyote kwa wakala wa mizigo Guangzhou, avifungashe pamoja, vije Dar es Salaam kwa meli au ndege, kisha basi la TANZAM lishushe kifurushi. Kwa meli subiri mwezi na zaidi. Muhimu ni kuagiza mara moja, kwa sababu kila kifaa kilichosahaulika kinaanza safari yake upya na gharama yake upya.

Na kinachosahaulika kuliko vyote ni zana. Fundi wa kijijini ana nyundo, spana na ufunguo wa spoku, na kwa Phoenix hivyo vinatosha. Krenki ya kisasa haitoki kwa nyundo. Inahitaji kivutaji chake. Friwili ina kifunguo chake chenye meno, ekseli ya krenki ina chake, cheni ina kitoa pini. Vyote vinne ni vidogo na vya bei ndogo. Viweke kwenye oda ile ile, umwachie fundi avitunze, na makubaliano yenu yawe kwamba baiskeli yako anaifungua bure.

Taa nyekundu ya nyuma ya kuchaji na karatasi ya kuakisi kwenye madigadi ziingie kwenye oda hiyo hiyo. Dereva aliyetoka Dar es Salaam hadi hapa amechoka, na jioni ya ukungu hakuoni.

Ombi langu la mwisho ni kwa wenye maduka ya spea Tunduma na Vwawa. Cheni mnayouza sasa ni ile pana ya gia moja, na haiingii kati ya magurudumu ya meno ya friwili ya gia saba. Leteni katoni moja ya cheni nyembamba na friwili za meno 14 hadi 34. Hadi hapo, mwenye baiskeli hii aagize cheni mbili kwa mpigo, moja ya kufunga na moja ya kuweka ndani.