Kabla ya Kubonyeza

Anayejiandaa kusailiwa kwa kazi ya eksirei ya wanyama mjini Eldoret aghalabu hukesha na namba: kilovolti kadhaa kwa kifua cha mbwa, kadhaa kwa goti la punda. Namba zina kazi yake, ila chati ya mashine inazo tayari. Mimi ningemtuma mashambani, Moiben au Kesses, akaegemee ua wa zizi atazame ng'ombe wanavyopumua.

Binadamu huambiwa avute pumzi na kuibana. Mbwa haambiliki. Fundi huzikazia macho mbavu zake, na zikishapanuka hadi mwisho ndipo abonyeze, kwa kuwa mapafu yaliyojaa hewa hutoka meusi na moyo ukajitenga wazi katikati yake. Akichelewa kidogo tu, picha imeharibika, na kuirudia ni kuongeza mionzi bure.

Ufundi huu, kwa maoni yangu, uheshimiwe zaidi pale unapokataa kupiga picha. Ng'ombe wa maziwa, tegemeo la nyumba nyingi Uasin Gishu, humeza pasipo kuchambua: kipande cha waya wa robota la nyasi, msumari ulioachwa na waashi. Chuma hicho hutulia tumbo la pili, na kati ya hapo na moyo pana kiwambo tu. Sasa, mashine ndogo ya kubeba, hodari kwa kwato na vifundo, haina nguvu ya kupenya kiwiliwili cha Friziani mzima. Msailiwa anayelisema hilo waziwazi, akapendekeza njia nyingine, ningemwajiri kabla hajamaliza chai.

Halafu swali la aproni ya risasi. Wengi hujibu kwamba inakinga mionzi, wakanyamaza. Inakinga ile inayotawanyika kutoka mwilini mwa mnyama. Kwa mkondo wenyewe wa mionzi haikutengenezwa. Glavu nayo ni vivyo hivyo. Picha mashuhuri ya Röntgen, mgunduzi wa eksirei, ya Desemba 1895 ilikuwa ya mkono wa mkewe, na pete kidoleni. Leo vidole vya mshikaji vikionekana pembezoni mwa picha ya mbwa, ni fedheha. Dawa ya kutuliza ipo, mifuko ya mchanga ipo, na ukiongeza umbali maradufu dozi hushuka hadi robo.

Jopo likimleta punda wa mkokoteni uani, msailiwa asiikimbilie mashine. Aulize amechomwa dawa gani na saa ngapi, mguu upi unachechemea, herufi ya kuonyesha kushoto au kulia pichani iko wapi, na nani atashika kamba.