Aliyekosekana kwenye Simu

Machi 2020, siku chache baada ya mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini Kenya kutangazwa tarehe 13, shule na vyuo vilifungwa. Mwezi uliofuata watu wakazuiwa kuingia na kutoka Nairobi na Mombasa, hadi Julai. Mwanafunzi wa uzamili mwenye kibali cha utafiti kutoka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, mkononi na hojaji zilizokwisha kuchapwa hakuwa na pa kuzipeleka. Wengi waligeukia simu, na wasimamizi wakakubali haraka, pengine haraka mno.

Kwenye pendekezo la utafiti badiliko lilionekana dogo: palipoandikwa "ana kwa ana" pakaandikwa "kwa simu". Lakini ukiacha kubisha hodi, watu utakaowasikia nao hubadilika. Anayechagua kaya kwa nasibu kijijini humfikia hata bibi asiyemiliki simu. Anayepiga namba alizopewa na chama cha ushirika au mzee wa mtaa humpata mwenye simu, mwenye chaji, aliye penye mtandao. Na mara nyingi huyo ni mwanamume, maana simu ikiwa moja nyumbani hukaa naye. Kulinganisha umri, jinsia na elimu ya wahojiwa na takwimu za sensa ya 2019, kisha kuyapa majibu uzito kwa kadiri hiyo, husaidia kiasi. Asiye na simu kabisa hakuna hesabu ya kumrudisha.

Faragha nayo iliponyoka. Uani kwa watu, mtafiti humwona mume ameketi karibu, akaliahirisha swali. Kwenye simu haoni kitu, wala hajui kama spika imewashwa. Aliyechunguza ukatili wa nyumbani alihitaji maswali ya kujibiwa "ndiyo" au "hapana", ili aliye karibu na mhojiwa asing'amue kinachozungumzwa, na neno la kukata mazungumzo lililokubaliwa mapema. Ridhaa ikarekodiwa kwa sauti. Kumtumia mhojiwa kredi ya simu ni haki, muda wake umeliwa. Ila apewe hata aliyekomea katikati, isije ikawa bei ya majibu.

Katika tasnifu za kipindi kile mimi hufungua kwanza sura ya tatu, ile ya mbinu za utafiti. Ikitaja simu "kutokana na janga" kisha isiseme nani hakufikiwa, matokeo ya sura ya nne nayasoma kuwa habari za wenye simu, hata kama jina la tasnifu linataja kaunti nzima.