Pongezi kwa Wapishi wa Nyarushishi

Desemba 2025, mapigano yalipopamba moto katika bonde la Ruzizi na kuteremka hadi Uvira, Wakongo wengi walivukia Bugarama na kupelekwa kambi ya muda ya Nyarushishi, wilayani Rusizi, Rwanda. Mama aliyekimbia na watoto na kitenge kimoja hana sufuria wala makaa. Huwezi kumpa mchele mkavu ukamwambia karibu. Anataka chakula kilichoiva, na anakitaka leo.

Hapo ndipo wapishi wanapostahili pongezi. Kazi yao haina mbwembwe: kuchambua maharage na kuondoa vijiwe, kisha kusonga ugali kwa mwiko mrefu kama kasia, moshi ukiwauma macho. Sisi wageni tuishio mjini Kamembe, wilayani humo, tukijitolea huishia kuosha sahani, na ni haki. Ugali wa mamia ya watu si mahali pa kujifunzia.

Si mara ya kwanza mahali hapa kuhifadhi waliokimbia: Nyarushishi hiyohiyo, mwaka 1994, ilikuwa kambi ya Watutsi walionusurika mauaji ya kimbari. Nawe ukiwa Rusizi na una nafasi, waulize kwanza wahusika wa kambi wanahitaji nini, ndipo uende.