Sauti ya tenori na dhima ya mpenzi: George Shirley katika majukwaa ya opera

1. Utangulizi

Opera ni tamthilia ambayo wahusika wake huimba badala ya kusema. Kwa sababu hiyo mhakiki wa fasihi hana ruhusa ya kuwaachia wanamuziki peke yao: ndani yake mna matini, wahusika, mgogoro, na hadhira inayokubali au kukataa yale inayoonyeshwa. Katika sanaa hiyo aina ya sauti si jambo la koo tu, bali ni dhima. Desturi iliyoimarika Italia katika karne ya 19 iliwagawia waimbaji kazi zao mapema. Mwenye besi ni mfalme, kuhani au mzee. Mwenye baritoni ni baba au mpinzani. Mwenye soprano ni binti anayependwa. Na mwenye tenori, sauti ambayo katika kwaya nyingi za makanisa huitwa sauti ya tatu, ndiye kijana anayempenda binti huyo.

Makala haya yanachunguza kazi ya jukwaani ya George Shirley, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa Indianapolis mwaka 1934 na kulelewa Detroit. Yeye ndiye mwenye tenori wa kwanza wa asili ya Kiafrika kupewa nafasi kuu katika Metropolitan Opera ya New York. Wasifu wake husimuliwa kwa kawaida kama habari ya mlango uliofunguliwa. Hoja ya makala haya ni kwamba simulizi hiyo ni ya kweli lakini haitoshi, kwa kuwa haisemi ni mlango upi, wala kwa nini ulichelewa kuliko milango mingine ya nyumba ile ile.

2. Milango iliyotangulia

Tarehe 7 Januari 1955 Marian Anderson, mwenye sauti ya kontralto, aliimba Metropolitan kama Ulrica katika Un ballo in maschera ya Verdi. Siku 20 baadaye, Robert McFerrin, mwenye baritoni, aliimba Amonasro katika Aida ya mtunzi huyo huyo. Siku hizo mbili zinakumbukwa kwa haki. Hata hivyo mhakiki hana budi kutazama wahusika wenyewe. Ulrica ni mpiga ramli, na matini ya opera yenyewe inamtaja kuwa Mweusi. Amonasro ni mfalme wa Ethiopia na baba yake Aida. Katika nafasi zote mbili rangi ya mwimbaji ililingana na rangi iliyokwisha kuandikwa, na hakuna hata mmoja wa wahusika hao anayependa au kupendwa kimapenzi. McFerrin alipopewa Rigoletto, alipewa tena baba.

Tarehe 27 Januari 1961 Leontyne Price aliingia katika jukwaa hilo kama Leonora wa Il trovatore, na mpenzi wake katika tamthilia alikuwa Franco Corelli, Mwitaliano ambaye naye aliimba hapo kwa mara ya kwanza usiku huo. Watazamaji walishangilia kwa dakika nyingi. Hivyo mwanamke Mweusi kupendwa na mwanamume Mzungu lilikuwa jambo ambalo hadhira iliweza kulistahimili, hata kulishangilia. Kinyume chake hakijajaribiwa bado.

Wala si kwamba sauti zilikosekana. Roland Hayes, aliyezaliwa Georgia mwaka 1887, alikuwa na tenori iliyosikilizwa na Mfalme George wa Tano huko London mwaka 1921, na baadaye katika miji mikuu ya Ulaya. Lakini umaarufu wake ulijengwa katika kumbi za nyimbo, si katika opera. Tofauti hiyo ina maana. Katika ukumbi wa nyimbo mwimbaji husimama karibu na piano, peke yake, na mapenzi anayoyaimba yako katika maneno tu. Katika opera mapenzi yana mikono: mwimbaji humshika mwenzake, humkumbatia, hufa kifuani pake. Ikumbukwe kwamba hadi tarehe 12 Juni 1967, Mahakama Kuu ya Marekani ilipotoa hukumu yake katika kesi ya Loving, majimbo 16 ya nchi hiyo yalikuwa bado yana sheria za kukataza ndoa baina ya Weusi na Wazungu. Yaani Shirley alipoanza kazi yake, jambo lililofanywa jukwaani kila jioni na tenori lilikuwa hatia mbele ya sheria katika sehemu kubwa ya nchi yake.

3. Ferrando na mkataba wa jukwaa

Shirley hakulelewa kwa ajili ya opera. Alisomea ualimu wa muziki katika Chuo Kikuu cha Wayne State, akawa Mweusi wa kwanza kuajiriwa kufundisha muziki katika shule za sekondari za Detroit. Alipoitwa jeshini akawa pia Mweusi wa kwanza katika kwaya ya Jeshi la nchi kavu la Marekani. Mwaka 1960 aliimba Rodolfo wa La bohème mjini Milano. Tarehe 24 Oktoba 1961 alisimama Metropolitan kama Ferrando katika Così fan tutte ya Mozart.

Opera hiyo, iliyoonyeshwa kwanza Vienna mwaka 1790, inafaa kutazamwa kwa makini. Maofisa wawili wanawekeana dau kuhusu uaminifu wa wachumba wao. Wanajifanya wanakwenda vitani, kisha wanarudi wamevaa kama Waalbania, na kila mmoja anamtongoza mchumba wa mwenzake. Mabinti hawawatambui. Mtazamaji anaombwa kuamini kwamba masharubu ya bandia na kilemba vinatosha kumficha mtu machoni pa yule anayempenda, na mtazamaji anaamini bila taabu. Hapo ndipo hoja ya wale waliodai kwamba mpenzi Mweusi angevunja uhalisia inapoanguka yenyewe. Uhalisia wa opera haujawahi kuwa uhalisia wa macho. Watu wazima huimba nafasi za vijana, wenye miili mikubwa huimba wagonjwa wa kifua kikuu, na hadhira hulia. Hadhira hiyo hiyo ilimkubali kwa miaka mingi Mzungu aliyepakwa rangi nyeusi ili aimbe Otello, desturi ambayo Metropolitan iliiacha mwaka 2015 tu. Kumbe kilichodaiwa kuwa sheria ya fani kilikuwa mwiko wa jamii uliovishwa nguo za fani.

4. Tamino na Monostatos

Mfano ulio wazi zaidi ni Die Zauberflöte, opera ya Mozart ya mwaka 1791, ambayo Shirley aliimba Glyndebourne, Uingereza, katika nafasi ya mwana wa mfalme Tamino. Opera hiyo ina tenori mbili zinazomtaka binti mmoja, Pamina. Ya kwanza ni ya Tamino, anayempenda kwa kuona picha yake, kisha akapitishwa katika majaribu ya ukimya, moto na maji. Ya pili ni ya Monostatos, msimamizi Mweusi wa watumwa, anayemnyemelea binti akiwa usingizini na ambaye matini inamfanya alalamike kwamba rangi yake inamnyima mapenzi. Mtunzi wa matini amegawa maudhui yake kwa rangi: tamaa imewekwa upande mmoja, mapenzi safi upande wa pili.

Mwimbaji Mweusi anapovaa nafasi ya Tamino, mgawanyo huo hauwezi tena kusimama kama ulivyokuwa. Hakuna neno lililobadilishwa, hakuna nota iliyohamishwa, lakini mtazamaji analazimika kuuliza swali ambalo matini ilikusudia lisiulizwe: ni nini hasa kinachomtenga Tamino na Monostatos? Jibu haliwezi tena kuwa ngozi, bali ni lazima liwe tabia na malezi. Hapa mwimbaji anafanya kazi ya mhakiki, na anaifanya kwa mwili wake.

5. Lugha si mali ya rangi

Sehemu ya kazi yake inayowahusu zaidi wanafunzi wa lugha ni Pelléas et Mélisande ya Debussy. Opera hiyo, iliyotolewa Paris mwaka 1902, haina nyimbo za kujitegemea zenye kupigiwa makofi. Debussy alichukua tamthilia ya nathari ya Maeterlinck, akafuata mwendo wa usemi wa Kifaransa silabi kwa silabi. Mwimbaji asiyeimiliki lugha hana mahali pa kujificha. Mwaka 1969 Pierre Boulez aliiongoza Covent Garden, London, Shirley akiwa Pelléas, na kundi hilo likairekodi. Mélisande aliimbwa na Elisabeth Söderström wa Uswidi, Golaud na Donald McIntyre wa New Zealand, Geneviève na Yvonne Minton wa Australia. Mfaransa mkubwa katika kazi hiyo alikuwa kiongozi wa okestra.

Katika rekodi hiyo sauti ya Shirley ni nyepesi, karibu na usemi. Irabu zake hazipanuliwi ili kuonyesha uzuri wa koo. Katika mandhari ya mwisho ya wapendanao, sauti inapokua, inakua kwa sababu maneno yamefika ukingoni, si kwa sababu mwimbaji anataka kushangiliwa. Mtu anaweza kulinganisha na Idomeneo aliyoirekodi mwaka 1968 chini ya Colin Davis, ambamo wimbo wa bahari unadai wepesi mkubwa wa kupanda na kushuka. Hapo juhudi inasikika, na sauti haina ukubwa wa Corelli. Lakini mfalme anayejua kwamba nadhiri yake itamgharimu mtoto anasikika pia. Nguvu ya Shirley ilikuwa katika matini. Huenda ualimu ulimjenga zaidi kuliko mashindano.

Litakuwapo pingamizi. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Je, mjukuu wa watumwa anayeimba Mozart hakuacha asili yake? Pingamizi hili linachukulia kwamba sanaa hurithiwa kwa damu, dhana ile ile iliyowafungia nje wenye tenori waliomtangulia. Msomaji wa Kiswahili aliye Kongo ana sababu ya kuikataa. Lugha anayoitumia ilifika kwake kutoka mbali, ikasemwa na watu wa makabila mengi, na hakuna anayeweza kudai kwamba si yake kwa kuwa haikuzaliwa kijijini pake. Anayeitumikia lugha au sanaa kwa bidii ameipata kwa haki.

6. Hitimisho

Shirley aliimba Metropolitan kwa misimu 11, na pia Berlin, Buenos Aires, Scotland na Uholanzi. Rekodi ya Così fan tutte aliyoshiriki pamoja na Leontyne Price, ikiongozwa na Erich Leinsdorf, ilipata tuzo ya Grammy. Kuanzia mwaka 1980 alifundisha Chuo Kikuu cha Maryland, na kuanzia 1987 Chuo Kikuu cha Michigan. Mwaka 2015 alikabidhiwa nishani ya taifa ya sanaa na Rais Obama.

Orodha hiyo inapendeza, lakini isimfanye mhakiki asahau kuhesabu waliofuata. Soprano na mezo Weusi walioimba katika majukwaa makuu baada ya 1961 ni wengi: Martina Arroyo, Grace Bumbry, Shirley Verrett, Jessye Norman, Kathleen Battle. Kwa upande wa tenori majina yanakuja polepole: Vinson Cole, na muda mrefu baadaye Lawrence Brownlee. Pengo hilo haliwezi kuelezwa kwa uhaba wa sauti. Linaelezwa na nafasi yenyewe, ile ya mpenzi, ambayo wakurugenzi wa majukwaa waliilinda kuliko nafasi ya mfalme. Mfalme Mweusi hutawala mbali, katika nchi ya kubuniwa. Mpenzi Mweusi husimama karibu na kushika mkono. Ndiyo maana usiku wa Ferrando unastahili kusomwa, si kama tarehe katika wasifu wa mtu mmoja, bali kama tafsiri mpya ya matini kongwe.