Penseli Juu ya Ufa

Siku hizi makabidhiano ya nyumba mpya huisha upesi. Funguo zinapokelewa, dua inasomwa, picha zinapigwa, kila mtu anashika njia yake. Kinachokosekana ni ile saa ya mwenye nyumba na fundi kupita chumba kwa chumba na timazi, pima maji na daftari. Kuorodhesha kasoro za nyumba mpya ni ufundi kamili, una jicho lake na adabu yake, na unastahili sifa zilezile tunazompa anayepandisha ukuta. Tena nyumba mpya ni ngumu kukagua kuliko kuukuu, kwa kuwa rangi bado inang'aa, na chini yake huenda ufa umezibwa kwa puti jana jioni.

Mkaguzi anayeijua kazi haandiki tu kwamba ukuta una ufa. Anaandika kwamba katika chumba cha kulala cha mashariki, ufa unaanzia pembe ya juu ya dirisha na kupanda mshazari hadi darini, upana wake milimita 2 pale ulipotanuka zaidi. Kisha anachukua penseli, anapiga kistari chembamba pale ufa unapokoma na kuandika tarehe kando yake. Mwezi ukipita anarudi palepale. Ufa uliovuka kistari unatia shaka kwamba msingi unatitia. Uliotulia huenda ni wa lipu iliyokauka haraka kwa kunyimwa maji. Wa kwanza unamhitaji mhandisi, wa pili unamhitaji mpiga lipu, na asiyeweka kistari atabishana na mkandarasi mwaka mzima bila kujua anadai nini. Wapo wanaosema simu imemaliza kazi hiyo. Lakini picha isiyo na rula, wala jina la chumba, haitofautishi milimita 1 na 5. Haisikii marumaru inayolia uwazi ikigongwa kwa sarafu. Haionyeshi maji ya ndoo yakiliacha tundu la bafuni na kukimbilia mlangoni.

Uangalifu huu una asili katika pwani yetu. Mafundi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na upana wa chumba ukafuata urefu wa boriti ya mkoko. Waliujua ukomo wa walichokishika, wakajenga ndani ya ukomo huo. Hata hivyo hakuna jengo linalojilinda lenyewe. Jumba la Beit al-Ajaib la mji huohuo, lililojengwa mwaka 1883, liliporomoka kwa sehemu tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafa. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa lilianguka Kariakoo, Dar es Salaam, na kuua zaidi ya watu 20. Nyufa nyingi hazifiki huko. Ila jamii iliyozoea kutotazama ndogo haitapata ghafla macho ya kuona kubwa.

Husemwa pia kwamba kuandika kasoro ni kumvunjia fundi heshima, na kwamba nyumba mpya haikosi dosari. Kwa kweli daftari linamlinda fundi wa haki: kisichoandikwa siku ya makabidhiano, kama mlango uliopasuliwa na wapangaji baadaye, hatabebeshwa yeye. Wengine husema hayo ni mambo ya matajiri wenye mawakili. Lakini asiye na wakili ndiye mwenye haja zaidi ya karatasi yenye tarehe na sahihi za pande mbili. Mikataba mingi hutoa kipindi cha uangalizi cha miezi 6 au 12, na hapo ndipo anayepima mambo humshinda anayelalamika tu. Nyumba ya Dar es Salaam iliyokabidhiwa Juni kwa uangalizi wa miezi 6 itaonja vuli peke yake. Masika yatakapolijaribu paa, dai litakuwa limeshakufa. Anayedai miezi 12 anadai kila msimu wa mvua uipite nyumba yake kabla hajasema ameridhika.

Fundi mwema wa zamani alikuwa mlalamikaji wa kwanza wa kazi yake. Timazi ikimwambia kozi imepinda, aliibomoa kabla saruji haijashika, bila kungoja kuambiwa. Sisi wenye nyumba tumesaidia kumpoteza, kwa kuchagua bei ya chini na tarehe ya karibu, kisha kushangaa ukuta unapotudai. Sasa jicho alilokuwa nalo yeye imebidi lihamie kwetu, na wengi wetu hatujajifunza kulitumia. Lalamiko lililopimwa na kuandikwa sawasawa ndilo ushahidi uliobaki kwamba tulipata kuijua kazi nzuri. Tukiliacha nalo, watoto wetu watakua wakiamini kwamba nyumba huzaliwa na nyufa zake.