Mwombe Akuonyeshe Marani

Ukishuka kwenye marshrutka, daladala ya Georgia, katika kijiji chochote cha bonde la Alazani mkoani Kakheti, mwenye nyumba ya wageni atakupokea begi na kutaka kukupeleka chumbani. Mwombe kwanza akuonyeshe marani, yaani banda la mvinyo. Vyumba vya huko vinafanana: kitanda cha chuma, blanketi zito, dirisha linaloangalia milima ya Kaukazi. Nyumba na nyumba hutofautiana kwenye marani. Tangu nianze kulala katika vijiji hivyo, familia inayoitunza marani yake haijawahi kunilaza kwenye shuka chafu wala kunilisha mkate wa jana.

Usitafute mapipa. Utakuta sakafu yenye midomo ya mitungi iliyo usawa wa miguu yako, kama visima vidogo. Mtungi huo ndio qvevri: wa udongo, umbo la yai, ncha chini, umezikwa hadi shingoni. Mkubwa hupita lita 2,000. Mfinyanzi huupandisha kwa mkono, tabaka juu ya tabaka, kwa wiki kadhaa, huuchoma, kisha huupaka nta ya nyuki kwa ndani ungali na joto. Mwaka 2013 UNESCO iliingiza utaratibu huu wa kutengeneza mvinyo katika orodha ya urithi wa binadamu usioshikika.

Mtungi ambao haujazikwa, bibi yeyote anayenunua vyungu sokoni kwetu angeujua. Angeugonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio: unaolia kama kengele ni mzima, unaotoa mlio butu una ufa. Uliokwisha kuzikwa haugongeki. Na ule uliolazwa bustanini ukipandwa maua usikuvutie. Mara nyingi ni mtungi uliovunjika, na haukuambii lolote kuhusu iliyo kazini.

Kwa hiyo uliza swali moja: mnauoshaje?

Asiyeijua kazi atajibu, "Kwa maji," kisha atakukaribisha chai. Anayeijua atakwenda ukutani kukuletea vifaa. Atakuonyesha mti mrefu ambao mwishoni umefungwa vipande vya magome ya mcheri, vimebanwa pamoja kama kurasa za kitabu. Magome hayo husugua bila kukwangua nta. Yashike. Yawe yamelika kingo kwa kazi, makavu, yasinuke kuvu. Kama ni mapya kabisa, yawezekana yameletwa kwa ajili yako. Halafu ataeleza maji ya majivu au chokaa, maji ya moto, maji ya baridi, tena na tena, na mwisho moshi wa kiberiti. Udongo una vinyweleo, na nta haivizibi vyote. Mvinyo wa mwaka jana uliojificha humo hugeuka siki na kuuambukiza wa mwaka huu.

Mimi nimekulia Dodoma, ambako mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na ilinichukua muda kuelewa kwa nini wenzetu wana uchungu kiasi hicho na mtungi mmoja. Kakheti mavuno, rtveli, ni mara moja tu, Septemba hadi Oktoba. Mtungi ukiharibika, familia na wageni wake watakaa mwaka mzima bila mvinyo wa nyumbani.

Sasa kinywaji chenyewe. Zabibu nyeupe, hasa Rkatsiteli, hupondwa na kuingizwa mtungini pamoja na maganda, mbegu na vikonyo, na mchanganyiko huo mzito Wageorgia huuita chacha. Neno hilo humshtua Mswahili, maana kwetu chakula kilichochacha ni cha kutupwa. Maganda yanapochemka na kupanda juu, mtu huyasukuma chini mara kadhaa kwa siku. Uchachu ukiisha yanazama. Mbegu zimetangulia kwenye ncha, maganda yanazifunika, na uchungu wake unabaki chini, mbali na mvinyo. Mdomo hufunikwa kwa jiwe na kuzibwa kwa udongo wenye unyevu, na mtungi huachwa miezi mitano au sita. Tazama udongo huo: ukiwa umepasuka kama tope la kiangazi, hewa imeshaingia.

Mvinyo unaotoka una rangi ya kaharabu. Uinue kwenye mwanga. Ukungu kidogo si kosa. Rangi ya chai iliyolala ndiyo kosa. Unuse utafute ganda la chungwa lililokaushwa, asali, majani ya chai. Kisha sikiliza ukakasi. Ulio mzuri hushika ulimi kama chai ya rangi iliyokolea, halafu huachia; mbaya hung'ang'ania kama bibo bichi. Kuna ila moja isiyosikika puani. Meza, hesabu hadi kumi. Ikipanda kooni harufu ya ghala lenye panya, weka bilauri chini kwa adabu. Nyumba moja niliyolala ilinipa mvinyo wa namna hiyo siku tatu mfululizo, na hapakuwa na gome la mcheri popote.

Asiyekunywa naye anaweza kupima. Pua na macho vinatosha kwa mengi, na kuna churchkhela, uzi wa jozi uliochovywa katika maji ya zabibu yaliyokorogwa na unga. Iliyo nzuri hupinda bila kukatika. Kuna pia mkate unaobandikwa kwenye ukuta wa tone, tanuri la huko; anayelijua tanuri hahitaji maelezo. Mezani usinywe mpaka tamada, msemaji wa karamu, amalize neno lake. Na usishangae mtoto akimwita baba yake "mama", kwa kuwa ndivyo Kigeorgia kilivyo.

Ukipata nafasi, nenda mtungi unapooshwa. Katika nyumba moja upande wa Kvareli, mzee niliyemwita babua, babu, aliteremsha kwanza mshumaa ndani ya mtungi mkubwa, kwa sababu hewa nzito ya uchachu huua. Mshumaa ulipobaki ukiwaka, mwanawe alijipenyeza mdomoni akazama mabega na kichwa. Tulisikia kusugua tu, na pumzi yake ikirudi kutoka chini ya ardhi. Maji yalitolewa kwa ndoo: ya kwanza ya zambarau, ya nne ya kijivu, ya saba nikadhani ni safi. Babua akayanusa, akatikisa kichwa, akayamwaga chini ya mkomamanga.

Baada ya ndoo ya kumi na moja hakunusa. Alichota kikombe, akanywa nusu, akafuta masharubu, akaninyooshea nusu iliyobaki.

"Kunywa, shvilo," alisema. Kunywa, mwanangu.

Yalikuwa maji tu, baridi, hayana ladha yoyote.